NILIUZA MOTO WA BETRI YA PIKIPIKI

Ndugu msomaji, leo nataka nikueleze habari za betri ya pikipiki yangu. Labda utasema, "Betri ni kitu kidogo. Kuna nini cha kueleza?" Hata mimi nilisema hivyo. Soma kwanza.

Mimi ni mkulima. Nina minazi na mihogo upande wa kusini wa mto Pangani, ndani kidogo kutoka barabara ya kwenda Mwera. Nguzo za umeme zimepita barabarani, lakini shambani kwangu hazijafika. Jambo hili hunichekesha. Maji ya mto wetu huu huu yalianza kuzungusha mitambo ya umeme kule Hale mwaka 1964. Sisi tulio mwisho wa mto tukaendelea kuwasha koroboi. Lakini habari ya nguzo tuiache.

Pikipiki niliinunua kwa fedha za nazi na mkopo wa shemeji yangu. Inafanya kazi mbili. Alfajiri nakwenda Kipumbwi kuchukua samaki, nawapitisha kwa wateja vijijini. Saa sita mchana nimekwisha kurudi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Kazi ya pili haina saa. Usiku mtu akiugua, watu huja kunigongea mlango. Huku kwetu usiku hakuna gari. Pikipiki yangu ndiyo gari la wagonjwa.

Sasa tuje kwenye betri. Jirani mmoja alinionyesha jambo. Alichukua nyaya mbili, akazifunga kwenye betri ya pikipiki yangu, akaunganisha taa ndogo ya volti 12. Taa ikawaka. Watoto wakapiga makofi. Mke wangu akaizima koroboi na kuitupa nyuma ya mlango. Baada ya taa nikaunganisha redio. Baada ya redio nikanunua kidude cha kuchajia simu. Majirani wakaanza kuja. Kila simu nikatoza shilingi 300. Nikajiona nimepata ng'ombe anayetoa maziwa bila kula majani.

Jioni moja Coastal Union walikuwa wanacheza. Unajua sisi watu wa Tanga na timu yetu. Ilichukua ubingwa mwaka 1988, na mpaka leo wazee tunausimulia kama ulikuwa juzi. Wanaume walijaa barazani kwangu kusikiliza redio. Taa ilikuwa inawaka. Simu saba zilikuwa zinachajiwa, moja baada ya nyingine. Watu waliondoka usiku sana. Nikahesabu fedha zangu: shilingi 2,100. Nikairudisha betri kwenye pikipiki, nikalala.

Saa nane usiku mke wangu aliniamsha. Mjukuu wetu, mwenye miaka mitatu, alikuwa anawaka moto kwa homa. Kabla sijavaa shati akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Ilikuwa degedege. Nilikimbilia pikipiki. Mama yake akakaa nyuma na mtoto kifuani. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikalia "tik", basi. Nikabonyeza tena. Haikulia hata hiyo "tik". Nikapiga kiki mpaka mguu ukaniuma. Tukaisukuma kwenye mteremko, mimi na mwanangu. Injini haikutoa hata kikohozi.

Wakati ule sikujua sababu. Kumbe pikipiki ziko za aina mbili. Ziko ambazo cheche ya plagi hutoka kwenye mtambo wa injini yenyewe. Hizo, hata betri ikifa, unapiga kiki unakwenda, ingawa taa ya mbele inaweza kukusumbua. Ziko nyingine ambazo cheche hutegemea betri. Hizo, betri ikiwa imekwisha kabisa, kupiga kiki ni kujichosha. Yangu ni ya aina hii ya pili. Wewe mwenye pikipiki, muulize fundi wako yako ni ya aina gani. Muulize mapema, mchana, ukiwa huna mgonjwa.

Mwanangu alichukua baiskeli, akampakia mkewe na mtoto. Mimi nilikimbia nyuma na tochi. Kutoka kwetu mpaka zahanati ni kilomita tisa, na njia ina mchanga. Baiskeli ikizama, tunashuka, tunasukuma. Mtoto alipata degedege mara nyingine njiani. Tulifika kunapambazuka. Walimtoboa kidole, wakakuta malaria kali. Wakamchoma sindano, kisha akapelekwa hospitali akalazwa siku tatu. Alipona. Ninapoandika haya yuko nje anafukuza kuku.

Pale zahanati mganga aliniuliza, "Mzee, mbona mmekuja kwa baiskeli? Si una pikipiki?" Sikumjibu. Tulipotoka mke wangu aliniuliza, "Baba, jana ulipata shilingi ngapi?" Nikamwambia elfu mbili na mia moja. Nikazitoa mfukoni nimpe anunue uji wa mtoto. Hakunyoosha mkono kuzipokea.

Wiki iliyofuata nilivuka kwa kivuko kutoka Bweni kwenda Pangani mjini, nikiwa na ile betri ndani ya kikapu. Fundi wa pikipiki ni kijana mdogo, anaweza kuwa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia vizuri, akaniwekea kigoda. Nikamweleza yote. Alisikiliza, kisha akageuza betri upande wenye maandishi. "Babu, hebu soma hapa." Nikasoma: 12V 9Ah.

Akanieleza hivi. V ni volti. Hizo 12 ni kama msukumo wa maji kwenye bomba. Ah ni ampea-saa. Hizo tisa ni kama ukubwa wa mtungi. Betri ya ampea-saa tisa ikijaa inaweza kutoa ampea moja kwa muda wa saa tisa hivi, kisha imekwisha. Pikipiki nyingi zina mitungi midogo kama huu, wa tano, wa saba au wa tisa. Betri ya gari kubwa huweza kuwa na 70 au 100.

"Sasa, babu, tupige hesabu ya usiku ule," akasema. "Simu kubwa za kugusa zilikuwa ngapi?" Nikakumbuka: tatu. "Simu kubwa moja inachota karibu ampea-saa mbili kwenye betri hii. Tatu ni sita. Simu za kitochi?" Nne. "Hizo zinachota kidogo, kama nusu nusu. Nne ni mbili. Jumla nane. Bado taa na redio kwa saa nne, tano." Akaniangalia. Akatulia, akaniacha nimalize mwenyewe. Mtungi ulikuwa wa tisa. Mimi nilichota tisa na zaidi, halafu saa nane usiku nikaenda na kata nikitaka maji.

Ndugu msomaji, hesabu hii ni ya kujumlisha tu. Tuliijifunza wote. Mimi nilikuwa naitumia kuhesabu shilingi 300 zangu, wala sikufikiri kuitumia kwenye betri.

Fundi aliniambia na jambo jingine. Betri ya pikipiki imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi sana, yaani pale unapobonyeza kitufe. Kisha injini ikiwaka hurudisha haraka kile kilichotoka. Haikutengenezwa kuchotwa mpaka chini kila usiku. Ndani yake mna vyumba sita. Kila chumba kina vibao vya risasi vilivyozama katika maji yenye asidi. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, ndiye aliyeibuni betri ya namna hii mwaka 1859, na mpaka leo kanuni ni ile ile. Betri ikikaa bila moto, vibao huota chumvi nyeupe. Ikikaa hivyo siku nyingi chumvi hiyo huwa ngumu kama ukoko, na betri haipokei moto tena. Yangu ilikuwa imefika huko. Nikanunua mpya.

Hapa ungedhani nimekwisha kujifunza. Bado.

Niliporudi nilisema, "Basi, jua lipo bure. Nitaijaza kwa jua." Nikanunua kwa mtu paneli ya sola ya wati 50. Alinihakikishia kwamba kubwa ndiyo nzuri. Nikaiweka juu ya bati, nikavuta nyaya mbili moja kwa moja mpaka kwenye betri mpya. Siku za kwanza ilikuwa furaha. Nikibonyeza kitufe, pikipiki inaruka. Wiki ya pili mke wangu akaniambia, "Kuna yai bovu humu ndani." Tukatafuta yai, hatukuliona. Harufu ilitoka kwenye betri. Nikasogeza sikio. Ilikuwa inachemka kama sufuria ya maharage. Ubavu wake ulikuwa umevimba na wa moto.

Nilipompelekea fundi hakucheka, na ninamshukuru kwa hilo. Aliniambia paneli iliyoandikwa volti 12 haitoi volti 12. Jua kali la saa sita inaweza kusukuma volti 18 au zaidi. Betri yenyewe inapojazwa haipendi kupita volti 14 na nusu hivi. Ukizidisha, maji yaliyo ndani hugeuka kuwa hewa na kutoka. Vibao hubaki vikavu. Tena hewa hiyo inawaka moto. Cheche ndogo inaweza kuipasua betri na kukumwagia asidi usoni. Nikakumbuka kwamba usiku wa jana mke wangu alikuwa ameitoa koroboi nyuma ya mlango, akaiwasha atafute lile yai. Mwili ulinisisimka.

Hivyo betri ya pili nayo ikafa. Ya kwanza niliiua kwa njaa, ya pili kwa kuvimbiwa.

Dawa ni kidude kidogo kinachoitwa kontrola, au chaji kontrola. Ukubwa wake ni kama kibao cha sabuni. Niliuziwa chini ya nusu ya bei ya betri. Kinakaa katikati ya paneli na betri. Betri ikijaa, kinapunguza umeme unaoingia. Usiku kinazuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli. Chenye kioo huandika pia namba ya volti. Nikaisoma asubuhi kabla sijawasha kitu. Ikionyesha 12.6 au zaidi, betri imejaa. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu hivi. Ikiwa chini ya 12, nisiitegemee kwa mgonjwa.

Fundi akanishauri nitenganishe. Paneli kubwa ya wati 50 iwe na betri yake kubwa ya nyumba na kontrola yake. Huko ndiko kwa taa, redio na simu. Pikipiki iwe na paneli yake ndogo ya wati 10 na kontrola yake. Nikamwuliza, "Wati 10 zitafaa nini?" Akasema paneli hiyo katika jua zuri hutoa kama nusu ampea. Pikipiki yangu inafika nyumbani saa sita mchana. Mpaka jioni itakuwa imeingiza ampea-saa moja na nusu, labda mbili. Kwa betri ambayo haichotwi na mtu, hiyo inatosha kabisa. Inajazwa taratibu, kama mtungi chini ya mchirizi.

Namna ya kufunga ni hii. Waya mwekundu unakwenda kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye alama ya kutoa. Usikosee. Karibu na betri, kwenye waya mwekundu, weka fyuzi ndogo. Ya kwangu ni ya ampea 5. Waya zikigusana, fyuzi inakatika, pikipiki haiungui. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, ndipo uunganishe paneli. Wakati wa kuondoa, anza na paneli, kisha betri. Kwa kuwa mimi natoka kila siku, fundi aliniwekea swichi kwenye waya wa paneli na plagi chini ya kiti cha pikipiki. Nazima swichi, nachomoa plagi, naondoka. Nikirudi nachomeka plagi, nawasha swichi. Siku moja nilisahau. Nilitoka na waya, kontrola na kipande cha ubao wa ukuta vikinifuata nyuma kama mkia. Watoto wa shule walinisindikiza mpaka barabarani wakishangilia.

Sisi wa pwani tuna mambo yetu. Upepo wa bahari una chumvi. Vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani, na umeme haupiti vizuri. Mimi kila mwezi nafungua nyaya, ule mweusi kwanza. Naosha vichwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, nikiangalia yasiingie ndani ya betri. Nakausha, nafunga, kisha napaka mafuta ya mgando. Kunguru nao wanapenda kukaa juu ya paneli, na unajua wanachoacha. Naifuta kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla haijapata joto. Kivuli ni adui mkubwa. Kuti moja tu la mnazi likitia kivuli juu ya paneli, umeme unapungua sana. Tena usiiweke chini ya mnazi wenye nazi. Sihitaji kukueleza kwa nini.

Tanga iko kusini ya ikweta, lakini si mbali, nyuzi tano tu. Jua linatupitia karibu na utosi mwaka mzima. Kwa hiyo paneli yangu imelala karibu bapa, imeinama kidogo kuelekea kaskazini, na mvua inateremka na vumbi. Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mawingu hufunga siku nyingi na paneli hutoa kidogo sana. Siku hizo naiangalia ile namba kila asubuhi. Ikishuka napita njia ndefu kurudi nyumbani, injini ijaze yenyewe. Safari fupi fupi za kuwasha na kuzima mara kumi hula betri kuliko kuijaza.

Kama betri yako ina vifuniko vya kujazia, tazama mistari miwili ubavuni. Maji yawe katikati ya mistari hiyo. Yakipungua ongeza maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Usiongeze asidi. Usiongeze maji ya kisima, hasa visima vyetu vya pwani vyenye chumvi. Kama betri imezibwa kabisa, usiipasue. Na usivute sigara hapo.

Zile betri mbili nilizoziua zilikaa chini ya mwembe. Mvuvi mmoja, rafiki yangu, akaniomba aziyeyushe risasi yake atengeneze chubwi za nyavu. Nilitaka kumpa. Fundi alikuwa amekwisha kunionya: moshi na vumbi la risasi ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hata akili yao. Hapo Kenya, mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya watu tangu 2007 mpaka 2014. Watoto na watu wazima wakakutwa na risasi katika damu. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Basi nilimnyima rafiki yangu betri zile. Alinuna wiki nzima. Nikazirudisha kwa mwenye duka la betri, akanipunguzia bei kidogo ya nyingine.

Sasa ni mwaka wa pili, betri ya pikipiki ni ile ile. Mwezi uliopita, saa tisa usiku, jirani alinigongea. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu. Nilizima swichi, nikachomoa plagi, nikabonyeza kitufe. Ikawaka mara moja. Taa ya mbele ilikuwa nyeupe mpaka kwenye minazi. Tulifika mapema, hata muuguzi akasema mtoto bado, tukae tusubiri.

Simu bado nachaji, lakini kwenye betri ya nyumba. Bei ni ile ile. Betri hiyo ikishuka sana, kontrola yake inakata umeme yenyewe, haimuulizi mtu. Juzi ilikata katikati ya mpira. Giza likaingia, redio ikanyamaza, wanaume wakapiga kelele. Jirani mmoja akaitazama pikipiki iliyoegemea ukutani. Mke wangu akamtazama yeye. Akairudisha simu yake mfukoni, akauliza kama kuna chai.